Uwanja wa Visima: Kutoka Diff hadi Wajir

Julai 1573, Mfalme Felipe wa Pili wa Hispania alitia sahihi amri ndefu kuhusu namna ya kujenga miji katika nchi alizozitawala ng'ambo ya Atlantiki. Mji ulianza na uwanja. Kabla ya nyumba ya kwanza kuinuliwa, wajenzi walitakiwa kupima uwanja wa mstatili, urefu wake usipungue mara moja na nusu ya upana, kwa sababu umbo hilo lilifaa sherehe za farasi. Futi 400 kwa 600 ndicho kipimo kilichoonekana kizuri zaidi. Barabara kuu nne zitoke katikati ya pande zake, pembe zielekee pepo nne ili mitaa isivumiwe kwa nguvu, na baraza zenye matao zizunguke pande zote, wafanyabiashara wapate kivuli. Ukienda leo Mexico, Peru au Guatemala utaukuta uwanja huo. Watalii wanaupenda, na ni kweli unapendeza. Lakini uliwekwa pale kwa kazi maalumu: kumwonyesha mwenyeji wa nchi ni nani anakaa karibu na kanisa na nyumba ya gavana, na ni nani anakaa pembezoni.

Mfalme huyo si mgeni kwetu. Kuanzia 1580 taji la Ureno na la Hispania yalikuwa kichwani pake yote mawili, kwa hiyo Ngome ya Yesu, iliyoanzishwa Mombasa Aprili 1593 kwa michoro ya Mtaliano Giovanni Battista Cairati, ilijengwa na Wareno kwa jina la mfalme wa Madrid. Mamlaka yake yaliishia pwani. Bara, kaskazini ya mto Tana, hakuna Mreno wala Mhispania aliyekwenda kupima uwanja, na kwa zaidi ya karne tatu nchi ile iliendelea kupangwa kwa kitu kingine: maji.

Kwa hiyo mtu wa Diff, mji mdogo wa mpakani mwa Kenya na Somalia, anayetamani kuzuru mji wa kikoloni wenye historia asijisumbue kutafuta nauli ya Guatemala. Apande gari lielekealo Wajir, zaidi ya kilomita 100 kaskazini-magharibi, na akishuka aulize visima viko wapi.

Ardhi ya Wajir ina mwamba wa chokaa karibu na uso, na maji yako mita chache tu chini yake. Ndiyo sababu mahali hapa pana visima vingi vifupi vilivyochimbwa mwambani, wakati nchi yote inayopazunguka ni kavu. Wazee husimulia kwamba vilichimbwa na Madanle, watu wa kale wenye miili mikubwa waliotangulia koo zinazoishi huko leo, na masimulizi hayohayo utayasikia katika mji wa mpakani wa El Wak. Wawe majitu au watu wa kawaida, waliojua kupasua mwamba ule walikuwa mafundi.

Kunywesha mifugo visimani ni kazi yenye sheria. Mmoja hushuka chini, wengine hupokezana ndoo hadi juu, na maji humwagwa horini. Kila ukoo unajua kisima chake, kila mfugaji anajua zamu yake, na mgeni anajua amwombe nani. Ngamia huweza kukaa majuma bila kunywa, ng'ombe hawezi, basi hata mpangilio wa foleni una hesabu ndani yake. Hapo visimani ndipo habari za mvua zilipotolewa, posa zikapelekwa, na diya za damu zikajadiliwa. Mahali hapo palikuwa uwanja wa mji hata kabla ya mji wenyewe kuwapo.

Waingereza waliliona hilo mapema. Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ambayo wenyeji hadi leo wanaiita NFD, iliundwa karibu na mwaka 1910 ili kuweka eneo la kinga kati ya mashamba ya walowezi huku kusini na Wahabeshi na Waitaliano huko kaskazini na mashariki. Mwaka 1912 wakafungua kituo Wajir. Hawakupima uwanja wala kujenga kanisa. Waliinua ngome ya kuta nyeupe, wakasimamisha mlingoti wa bendera, na wakauweka utawala wao pembeni mwa maji. Bwana DC, mkuu wa wilaya, hakuhitaji kumfukuza mfugaji porini akitafuta kodi, kwani mfugaji angekuja mwenyewe kiangazi kikikaza. Koo zikagawiwa maeneo ya malisho na visima kwa maandishi, na mapatano yaliyokuwa yakijadiliwa upya kila msimu yakageuka mistari ya ramani inayolindwa na dubas, askari wa kikabila waliovaa vilemba vyekundu.

Utawala huo haukuanza kwa nguvu nyingi. Mapema 1916 wapiganaji wa ukoo wa Aulihan wakiongozwa na Abdurrahman Mursaal walivamia kituo cha Serenli, kando ya mto Juba, wakamuua ofisa wa Kiingereza aliyekuwa akikiongoza, Francis Elliott. Waingereza walikuwa vitani na Wajerumani katika Afrika Mashariki ya Kijerumani, hawakuwa na askari wa ziada, na Wajir ikaachwa kwa muda. Waliporudi, walirudi na jeshi.

Maji yenyewe yaliwapa adhabu ndogo. Yana chumvichumvi na jasi nyingi, na maofisa waliotoka Ulaya walilalamika maumivu wakati wa kukojoa, wakayapa ugonjwa huo jina la matusi linalotajwa pamoja na jina la Wajir. Wenyeji, walioyanywa tangu utotoni, waliona jambo hilo ni kichekesho.

Hapa ndipo Diff inapoingia katika historia ya maandishi. Kabla ya 1925 Waingereza walitawala hadi mto Juba, na Kismayu ilikuwa mji wa Kenya. Lakini Italia ilikuwa imeahidiwa fidia kwa kuingia Vita Kuu upande wa Uingereza, na ahadi hiyo ikalipwa kwa ardhi ya Wasomali. Mkataba ulitiwa sahihi London tarehe 15 Julai 1924, na katikati ya mwaka uliofuata Jubaland ikakabidhiwa. Tume ya pamoja ya Waingereza na Waitaliano ikafanya kazi ya kupima mpaka na kumaliza Desemba 1927. Mstari wao ulifuata mto Daua upande wa Mandera, ukafika El Wak, kisha ukateremka moja kwa moja kusini karibu kabisa na longitudo ya 41 Mashariki, ukaja kupinda kuelekea bahari huko Ras Kiamboni. Mto unaonekana kwa macho, longitudo haionekani. Diff iko pale pale kwenye kipande hicho kilichonyooka, na ndiyo sababu mji huo mdogo una jina moja na pande mbili, mmoja wa Kenya na mmoja wa Somalia.

Tangu wakati huo ilikuwa vigumu kujua katikati ya nchi ile ni wapi. Kwa mchungaji wa Diff, malisho ya Afmadow yalikuwa ya jamaa zake, ila sasa yamo katika koloni la mtu mwingine. Upande wa pili, Kenya nayo ilimfungia mlango. Mwaka 1926 NFD ilitangazwa eneo lililofungwa, hakuna kuingia wala kutoka bila kibali. Mwaka 1934 sheria ya wilaya maalumu iliwapa maofisa uwezo mpana wa kuwazuia watu na kuwahamisha, na mstari mwingine ukachorwa ndani kwa ndani kuwatenga Wasomali na Waborana. Hata baada ya vibali hivyo kufutwa, mtu wa Wajir akipanda basi la Nairobi husema anakwenda Kenya.

Katika miaka hiyo ya vibali maofisa wa Wajir walijitengenezea mzaha uliowapa umaarufu. Walianzisha klabu ya mashua, mahali ambapo bahari ya karibu iko zaidi ya kilomita 300 na hakuna hata ziwa la kuogeshea bata. Inasimuliwa kwamba mtoto wa mfalme wa Uingereza alipopita huko safarini, alifurahishwa nao hata klabu ikapata sifa ya kuitwa ya kifalme. Wageni wanaofika Wajir leo huuliza kwanza habari za klabu hiyo, wakacheka. Mimi huona mzaha huo unachekesha zaidi ukiwa upande wa baa. Foleni ya visima ilikuwa hatua chache tu kutoka hapo.

Juni 1940 Italia iliingia vitani na ndege zake zikaipiga Wajir mabomu katika siku za kwanza kabisa. Julai Waitaliano wakaichukua Moyale. Majibu yalikuja Desemba 16, wakati vikosi vya Afrika Kusini na vya Gold Coast viliposhambulia El Wak, na Februari 1941 jeshi lililotokea upande wa Garissa na Liboi lilikuwa limeingia Kismayu, kisha Mogadishu. Ajabu ya vita hivyo ni kwamba kwa karibu miaka tisa Diff ilikuwa na bendera moja pande zote mbili, kwa sababu Somalia ya Waitaliano ilitawaliwa na jeshi la Uingereza hadi 1950. Umoja wa Vijana wa Somalia ulipofungua matawi katika miji ya NFD baada ya vita, uliwakuta watu ambao tayari walikuwa wameonja kuvuka bila mpaka. Mwaka 1948 serikali ikaupiga marufuku katika wilaya hizo.

Lilikuwapo baraza moja kubwa ambalo wazee wa NFD hawajalisahau. Mwishoni mwa 1962, Kenya ikijiandaa kwa uhuru, Uingereza ilituma tume ya watu wawili, mwanasheria Onyiuke kutoka Nigeria na Meja Jenerali Bogert kutoka Kanada, wazunguke wilaya hizo wawaulize watu wanataka nini. Watu walikusanyika wakasema. Tume ikaripoti wazi kwamba Wasomali, ambao ndio wengi, wanataka kujiunga na Somalia, ingawa wapo wenzao wa jamii nyingine, hasa Waborana wengi, wanaotaka kubaki Kenya. Machi 1963 Uingereza ikatangaza kwamba eneo hilo litakuwa mkoa wa saba wa Kenya. Watu waliitwa uwanjani, wakaulizwa, wakajibu, kisha jibu lao likawekwa kando. Waliosusia uchaguzi wa Mei mwaka huo hawakufanya hivyo kwa kutoelewa demokrasia.

Kilichofuata kinajulikana. Juni 1963 DC wa Isiolo, Daudi Dabasso Wabera, na Chifu Haji Galma Diida waliuawa karibu na Modogashe. Kabla mwezi wa Desemba haujaisha, uhuru ukiwa bado mbichi, hali ya hatari ilitangazwa Kaskazini Mashariki. Vita vya shifta, baina ya serikali na Wasomali waliotaka kujitenga, viliendelea hadi mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyosimamiwa na Rais Kaunda wa Zambia kati ya Jomo Kenyatta wa Kenya na Waziri Mkuu Egal wa Somalia. Vita vilipokwisha hali ya hatari haikwenda navyo. Ilibaki hadi mwishoni mwa 1991. Serikali mpya ya Nairobi ilizirithi sheria za DC Mwingereza na kuzitumia kwa bidii kuliko mwenyewe: familia zilikusanywa katika vijiji vya kulindwa, ngamia wakauawa au kutaifishwa, na mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga askari na mashtaka kwa yaliyotendeka huko.

Uwanja mbaya kuliko yote katika nchi hii hauna nguzo wala matao. Ni kiwanja cha ndege cha Wagalla, kama kilomita 15 magharibi ya mji wa Wajir. Februari 10, 1984, vikosi vya usalama vilianza msako wa silaha miongoni mwa watu wa ukoo wa Wadegodia. Wanaume walitolewa majumbani, nyumba za Bulla Jogoo zikachomwa, na watu wakapelekwa kwa malori hadi Wagalla. Walivuliwa nguo, wakalazwa kifudifudi juani kwa siku kadhaa bila chakula wala maji. Waliojaribu kukimbia walipigwa risasi, na maiti nyingine zikatupwa mbali porini. Serikali ilitaja waliokufa kuwa 57. Manusura na wazee wa Wajir hutaja mamia, na wengine maelfu. Soma tena umbali huo: kilomita 15 kutoka mahali ambapo mwamba umejaa maji, watu walikufa kwa kiu.

Habari zilitoka kwa sababu wachache walikataa kunyamaza. Annalena Tonelli, Mtaliano aliyekuwa akiwatibu wagonjwa wa kifua kikuu Wajir tangu mwanzo wa miaka ya 1970, alikwenda na gari kuokota majeruhi na kuzika wafu, na picha zikafika nje. Baadaye alifukuzwa nchini. Aliendelea na kazi yake Somalia hadi alipouawa Borama mwaka 2003. Mbunge wa Wajir Magharibi, Ahmed Khalif Mohamed, aliusimamisha mjadala Bungeni na kutaja majina ya waliokufa, katika miaka ambayo kutaja majina kama hayo kulimponza mtu.

Somalia ilipovunjika 1991, mstari wa 1927 ulizidiwa. Wakimbizi walivuka kwa maelfu Liboi, Mandera, Diff na kila njia ya ngamia iliyokuwapo, kambi ya wakimbizi ya Dadaab ikazaliwa, na silaha zikashuka bei kuliko mbuzi. Ukame ukaja juu ya hayo, na mwaka 1992 koo za Wajir zikaanza kuuana. Wakati huo ndipo ulipozaliwa uwanja ambao mimi ningemshauri mgeni aupe muda kuliko ngome.

Ni soko. Mwaka 1993 wanawake waliokutana arusini walianza kuzungumza namna vita vilivyofika kwenye meza za kuuzia maziwa: mwanamke wa ukoo huu haruhusiwi kununua kwa yule, mama mmoja anafukuzwa mahali alipouzia kwa miaka. Miongoni mwao alikuwa Dekha Ibrahim Abdi, mzaliwa wa Wajir. Walienda sokoni wenyewe, wakakubaliana kwamba mtu yeyote auze na anunue bila kuulizwa ukoo, wakachagua wa kuangalia kwamba neno hilo linafuatwa na kuamua ugomvi papo hapo. Kisha wakawaendea wazee, vijana, wafanyabiashara na maofisa wa serikali. Mwaka huohuo wazee wakatia sahihi azimio la Al-Fatah, na kamati ya amani ya Wajir ikawa mfano ulionakiliwa wilaya nyingine. Dekha alipewa tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, na mwaka 2011 akafariki kwa ajali ya barabarani. Kwa macho yangu, tangu 1912 hakuna ofisi iliyofanya jambo kubwa kuliko hilo Wajir, nalo lilifanyika kati ya vibuyu vya maziwa na mafungu ya miraa.

Diff nayo uwanja wake ni soko la mifugo. Kwa miongo mingi ng'ombe kutoka Afmadow na bonde la Juba wamepita hapo na Liboi kuelekea Garissa, mnada mmojawapo mkubwa kabisa Afrika Mashariki, na nyama inayoliwa Nairobi na Mombasa imetoka njia hiyo kwa kiasi ambacho mlaji hakijui. Serikali ya Kenya ilifunga mpaka baada ya kuingia Somalia kijeshi Oktoba 2011. Mei 2023 ilitangaza kuufungua kwa hatua, na Julai mwaka huohuo, baada ya mashambulizi ya Al-Shabaab, ikaahirisha. Ng'ombe hawakusubiri tangazo lolote kati ya hayo mawili, lakini mwenye ng'ombe ndiye aliyelipa gharama ya kupita bila ruhusa.

Ugatuzi wa 2013 uliipa Wajir serikali yake ya kaunti, bajeti yake, na lami ndani ya mji baada ya nusu karne ya vumbi. Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi Bungeni kwa dhuluma za serikali zilizotangulia, na kuahidi mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa waathiriwa. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, aliyokabidhiwa miaka miwili kabla, ina kurasa nyingi kuhusu Kaskazini Mashariki ambazo zinastahili kufundishwa tangu shule ya msingi.

Kaunti ya Wajir na Makumbusho ya Taifa zina kazi moja ambayo haihitaji mfadhili wa nje: kuorodhesha visima kimoja kimoja kwa jina lake na jina la ukoo unaokitunza, kabla mabomba, takataka na nyumba mpya havijavifukia. Na wewe msomaji ukifika Wajir, ukitokea Diff, Garissa au huko tunakokuita Kenya, nenda visimani alfajiri, uwahi mifugo ikinyweshwa. Ukitoka hapo nenda sokoni. Muda ukibaki, ndipo uombe kuonyeshwa klabu ya mashua.